Sitini na Nne Katika Pwani ya Tanga

Katika masoko ya Tanga, Pangani na Muheza, fedha ina majina mawili yatumiwayo kila siku. Mnunuzi huulizwa kama ana pesa. Asipokuwa nazo, hujibu kuwa hana hela. Maneno haya leo yana maana moja, na aghalabu mtu mmoja huyatumia yote mawili katika mazungumzo mamoja. Lakini asili zao ni mbalimbali. Pesa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, na sarafu 64 za namna hiyo zilifanya rupia moja. Hela ilikuwa sarafu iliyokuja kushika mahali pake, na sarafu 100 za namna hiyo zilifanya rupia ile ile. Sarafu zote mbili zimekwisha toweka mikononi mwa watu. Majina yao yamesalia midomoni.

Nyuma ya majina hayo kuna njia mbili za kuhesabu. Njia ya 100 yajulikana kwa kila mtoto aliyepita shuleni. Njia ya 64 imesahauliwa, na wengi waliozaliwa baada yake huidhani kuwa mzigo ambao wazee waliubeba kwa kukosa lililo bora. Dhana hiyo haina haki. Idadi ya 64 ilidumu katika masoko kwa sababu ya sifa yake, na sifa hiyo hiyo ndiyo iliyojenga namba moja kubwa yenye tarakimu 20, ambayo wanahesabu wameistaajabia kwa muda wa miaka elfu. Mchuuzi wa Pangani aliyegawa rupia yake na mwanachuoni aliyeandika namba ile kubwa walipanda ngazi moja, ingawa mmoja alikuwa akishuka na mwingine akipanda.

Rupia ilifika Mrima pamoja na biashara ya Bara Hindi. Sarafu ya fedha yenye jina hilo ilisimamishwa katika Uhindi ya kaskazini na Sher Shah Suri, aliyetawala tangu mwaka wa 1540 hata 1545. Na katika mwaka wa 1835 Kampuni ya Kiingereza iliyotawala huko iliifanya kuwa ya namna moja katika miliki zake. Rupia ilikuwa ana 16, na kila ana ilikuwa pesa 4. Jumla pesa 64. Katika karne ya kumi na tisa sarafu hii ilipita mikononi mwa wafanya biashara wa Unguja na Mrima, sambamba na reale ya Maria Theresa. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitoa pesa za shaba zenye mwaka wa Hijra 1299, ambao ni 1882 kwa hesabu ya miladi. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilipojiingiza pwani, haikuigusa hesabu ile. Kuanzia mwaka wa 1890 ilitoa rupia yake yenyewe na pesa yake ya shaba, iliyokuwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja na tai wa Kijerumani upande wa pili. Na rupia hiyo nayo ikawa pesa 64, yenye nusu yake na robo yake za fedha.

Sababu ya kudumu kwa 64 yaonekana mara mtu anapoikata. Nusu yake ni 32, nusu ya nusu ni 16, kisha 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Mtu aweza kuigawa katikati mara sita, na kila mara hupata kitu kizima bila ya baki. Hapana namba nyingine iliyo ndogo kuliko 64 ambayo yaweza kufanyiwa hivyo mara sita. Kwa mtu asiyekuwa na kalamu wala karatasi, kugawa kwa nusu ndiko kugawa kulikokuwa kwepesi kuliko kote. Mafungu mawili huwekwa mbele ya macho, na jicho lenyewe huwa mzani.

Vipimo vya nafaka vya pwani vilifuata njia hiyo hiyo. Vibaba viwili vilikuwa kisaga, visaga viwili vilikuwa pishi, na kibaba chenyewe kilikuwa na nusu yake na robo yake. Aliyejua kugawa na kuongeza kwa mara mbili alikuwa na ufunguo wa duka zima. Methali isemayo kuwa haba na haba hujaza kibaba yasifu ule udogo ambao vipimo hivi viliuheshimu: aliyekuwa na haba alikuwa na kipimo kilichomfaa, na sarafu iliyolingana nacho.

Hata mchezo wa bao umejengwa juu ya nambari hii. Ubao wa bao la Kiswahili una safu nne, na kila safu ina mashimo manane. Jumla ni mashimo 32. Kete, ambazo aghalabu ni mbegu za mkomwe, ni 64. Kila mchezaji ana kete 32. Mchezo uanzapo, kumi huwekwa ubaoni na 22 hushikwa akiba. Wazee wakaao barazani wakicheza bao huonekana kama watu wapitishao wakati tu. Walakini mbele yao pana idadi ambayo akili hushindwa kuikamata. Njia za kuzitawanya kete 64 katika mashimo 32, hata zile ambazo mchezo wenyewe hauwezi kuzifikia, zikihesabiwa zote zakaribia namba iandikwayo kwa 1 na sifuri 25 nyuma yake. Mchezaji stadi huzisoma chache katika hizo kwa kichwa chake, na kete zikipita mkononi mwake hujua kabla ya kupanda mahali ambapo ile ya mwisho itaangukia.

Mchezo mwingine uliokuja na bahari, sataranji, una nyumba 64, nane kwa nane. Katika vitabu vya Waarabu mchezo huo huandamana na hadithi mashuhuri, ambayo Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka wa 1282, ni mmoja wa walioisimulia. Yasemwa kuwa mfalme mmoja wa Uhindi alimpenda sana Sissa, mbunifu wa sataranji, akamwambia achague zawadi. Sissa akaomba punje moja ya ngano kwa nyumba ya kwanza ya ubao, punje mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, nane kwa ya nne, na kuendelea hivyo kwa kuongeza mara mbili hata nyumba ya 64. Mfalme alikasirika kwa kuombwa kitu duni namna ile. Makarani wake walipokwisha piga hesabu walimwambia kuwa ghala zake zote hazitoshi, wala ghala za dunia nzima.

Jumla ya punje hizo ni 18,446,744,073,709,551,615. Kuitamka kwa Kiswahili ni safari katika historia ya lugha yenyewe. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa yalitwaliwa katika Kiarabu, hata kenda, jina la kale la tisa, likabaki kwa wazee na washairi. Elfu nayo ni ya Kiarabu. Laki ni ya Kihindi, na milioni ilitoka Ulaya. Kila taifa lililofanya biashara na Mrima liliacha neno moja katika ngazi ya kuhesabu. Lakini hata kwa maneno yote hayo msemaji hana budi kusema milioni kumi na nane za milioni za milioni, na hapo atakuwa ametaja tarakimu mbili za kwanza tu.

Ukubwa huo wafahamika vizuri zaidi kwa pishi. Chukua mchele badala ya ngano, na ukadirie kuwa punje 40 hupima gramu moja, na kuwa pishi moja ni karibu kilo mbili na robo tatu. Punje za nyumba 17 za kwanza ni 131,071; zajaza pishi moja na kuzidi kidogo. Mpaka hapo mfalme alikuwa na haki ya kucheka. Nyumba 32 za kwanza, ambazo ni nusu ya ubao, zina punje 4,294,967,295, yaani tani 107, mzigo ambao ghala moja la bandarini Tanga laweza kuupokea. Msiba wote umo katika nusu ya pili. Ubao mzima wadai tani bilioni 460 na zaidi. Mchele uliokobolewa ambao dunia huvuna sasa kwa mwaka mmoja hupita kidogo tani milioni 500. Basi deni la mfalme lingehitaji mavuno ya dunia nzima kwa miaka ipatayo mia tisa.

Namba hii ilihesabiwa na Abu Rayhan al-Biruni katika kitabu chake juu ya kalenda na nyakati za mataifa ya kale, alichokiandika karibu na mwaka wa 1000. Njia yake ndiyo ya kustaajabiwa. Hakupiga hesabu ya nyumba moja moja hata kufika 64. Aliona kuwa mtu akizidisha hesabu ya nyumba moja kwa nafsi yake, hupata hesabu ya nyumba iliyo mbali nayo kwa kadiri ile ile ambayo yenyewe iko mbali na nyumba ya kwanza. Nyumba ya tano ina punje 16. Zidisha 16 kwa 16, na 256 utakazopata ni punje za nyumba ya tisa. Kwa hiyo yatosha kuanza na 2 na kuzidisha kila jibu kwa nafsi yake: 4, kisha 16, kisha 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296, na mara ya sita ni ile namba kubwa yenyewe ikiwa na moja ya ziada. Biruni aliona pia kuwa hesabu ya nyumba yo yote, ikiondolewa moja, ni jumla ya nyumba zote zilizoitangulia. Hivyo alifika kileleni kwa hatua sita, na hatua hizo sita ni zile zile ambazo mchuuzi alishuka kutoka rupia hata pesa moja.

Iko ajabu nyingine. Namba kubwa yaweza kuwa ngumu kama jiwe, isigawanyike ila kwa moja na kwa nafsi yake. Namba za namna hii huitwa namba tasa. Namba ya Sissa haiko hivyo. Kwa kuwa 64 yakatika nusu, namba hii nayo yakatika: ni 4,294,967,295 ikizidishwa kwa 4,294,967,297. Sehemu ya kwanza yakatika tena kuwa 65,535 mara 65,537. Ile 65,535 ni 255 mara 257. Na 255 ni 15 mara 17. Na 15 ni 3 mara 5. Kila hatua yafuata hatua ya pesa: 64, 32, 16, 8, 4, 2. Mwishowe hubaki namba sita zenye mpango mzuri mno: 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Zidisha tatu kwa tano, ongeza mbili, upate 17. Zidisha hizo tatu pamoja, ongeza mbili, upate 257. Kila moja huzaliwa na zile zilizoitangulia kwa kanuni hiyo hiyo.

Tano za kwanza ni namba tasa. Mfaransa Pierre de Fermat, katika barua zake za mwaka wa 1640 na baadaye, alitoa imani yake kuwa zote zizaliwazo kwa kanuni hii ni tasa. Karibu miaka mia moja ilipita. Mwaka wa 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Urusi, alionyesha kuwa ile ya sita, 4,294,967,297, ni 641 mara 6,700,417. Imani ya Fermat ikaanguka kwa mfano mmoja, na hesabu ya kuuthibitisha yaweza kupigwa na mwanafunzi ye yote mwenye kalamu na subira. Basi namba ya punje za sataranji ni 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 641 mara 65,537 mara 6,700,417. Namba tasa saba zaifanya nzima, hapana inayorudiwa, na kwa sababu hiyo namba zinazoweza kuigawa bila ya baki ni 128 kamili. Nazo 128 ni 64 mara mbili.

Yaweza kuulizwa kama kila namba itokanayo na kuongeza mara mbili hupatikana na wema huo. La, sivyo. Ondoa nyumba tatu katika ubao zibaki 61. Jumla ya punje itakuwa 2,305,843,009,213,693,951. Mwaka wa 1883 kasisi mmoja wa Urusi, Ivan Pervushin, alithibitisha kuwa namba hii ni tasa. Haikubali kugawanywa na kitu cho chote katikati ya moja na nafsi yake. Tofauti ya nyumba tatu tu imetenga namba yenye milango 128 na namba isiyo na mlango ila wa kuingilia na wa kutokea. Siri imo katika idadi ya nyumba: 61 yenyewe ni tasa, na 64 ni nusu juu ya nusu. Hali kadhalika rupia ya pesa 61, kama ingalikuwako, isingaliweza kugawanywa sawasawa baina ya watu wawili.

Kuongeza mara mbili hakukubaki katika hadithi za wafalme. Pwani ya Tanga ilikuona kwa macho yake. Mwaka wa 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliletewa miche ya katani iliyotoka Florida ikipitia Hamburg. Miche elfu moja iliagizwa. Iliyofika ikaishi ni 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Katani huzaa machipukizi shinani na miche midogo juu ya mlingoti wake, na kila mche mpya huweza kuwa mama. Kufikia mwaka wa 1898 miche ilikadiriwa kuwa 63,000. Anayetazama ubao wa sataranji ataona kuwa nyumba ya saba ina punje 64 na nyumba ya kumi na saba ina 65,536. Katani ilianzia karibu na nyumba ya saba, na kwa muda wa miaka mitano ikafika karibu na ya kumi na saba: hatua kumi za mara mbili, yaani hatua mbili kwa kila mwaka.

Hapa ndipo hadithi na ardhi zinapoachana. Ubao wa Sissa haukujali kama ngano ipo au haipo. Katani ilihitaji mashamba, reli na mikono ya watu. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka wa 1893 ilifika Moshi mwaka wa 1911, na mashamba yakaifuata njia nzima. Vibarua waliitwa kutoka mbali kuja kukata majani ambayo hesabu yake ilizidi hesabu yao. Mwaka wa 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani laki mbili za katani. Zao hilo lote kubwa lilitokana na miche 62, pungufu mbili tu kuliko kete za bao moja.

Katika mwaka wa 1904 serikali ya Kijerumani, iliyokuwa imekwisha twaa haki ya kutoa sarafu kutoka kwa ile Kampuni, ilibadili hesabu. Rupia ilibaki, bali pesa 64 zikaondolewa, na mahali pao pakawekwa hela 100. Rupia 15 zilifanywa kuwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Kwa karani wa serikali faida ilikuwa wazi. Vitabu vya makumi huandikika upesi, hujumlishwa upesi, na hukaguliwa upesi. Senti moja ikipotea huonekana. Tena 100 yagawanyika kwa tano na kwa kumi, jambo ambalo 64 haiwezi. Mtu aliyetaka kulipa sehemu moja ya kumi ya rupia alipata hela 10 kamili, ambapo zamani angalitatizika na pesa sita na baki.

Lakini hesabu ya 100 yakatika nusu mara mbili tu: 50, kisha 25. Nusu ya 25 ni hela 12 na nusu. Serikali yenyewe ilitambua shida hiyo, kwani kati ya sarafu za kwanza ilizotoa ilikuwamo sarafu ya nusu hela. Kwa sarafu hiyo mtu aliweza kukata nusu mara ya tatu, na hapo akasimama. Hatua tatu ndogo za mwisho, ambazo pesa ilizifikia, zilifungwa.

Jambo hili halikuwa dogo katika nchi ya Kiislamu. Katika sheria ya mirathi, mke ambaye mumewe ameacha mtoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Katika kila rupia ya urithi, thumni ilikuwa pesa 8, wala hapakuwa na neno la kubishania. Katika rupia ya hela, thumni ikawa hela 12 na nusu. Mjane mwenye haki katika mali ndogo alihitaji ile sarafu ya nusu, au alihitaji ukarimu wa warithi wenziwe. Baki, hata iwe ndogo namna gani, lazima ibaki mkononi mwa mtu. Na mara nyingi hubaki mkononi mwa aliye na nguvu. Hesabu isiyoacha baki humwondolea mnyonge haja ya kuomba.

Insafu yataka isemwe pia kuwa 64 haikuwa na dawa ya kila hisa. Thuluthi na sudusi, ambazo ni hisa za mama na za binti wawili, hazimo katika 64 wala katika 100. Wanachuoni wa mirathi kwa ajili hiyo hutumia 24 kuwa asili ya hesabu pale ambapo thumni hukutana na sudusi au thuluthi mbili, kwa kuwa 24 yagawanyika kwa hizo zote. Nao Wahindi waliikata kila pesa kuwa pai tatu, hata rupia ikawa pai 192, na 192 ni 24 mara nane. Waliotunga hesabu hiyo walijua walitendalo.

Vita vikaja. Tanga ilipigwa mwezi wa Novemba 1914, na mwezi wa Julai 1916 ikatwaliwa na Waingereza. Rupia ilikaa bado miaka michache, ikafuatwa na florini mwaka wa 1920, kisha na shilingi ya senti 100 mwanzoni mwa miaka iliyofuata. Benki ya Tanzania ilipotoa shilingi ya nchi yenyewe mwaka wa 1966, mgawo wa 100 uliendelea. Uhindi, mama wa rupia, iliishika 64 muda mrefu zaidi, ikaiacha tarehe 1 Aprili 1957. Katika mifuko ya watu 64 ilikuwa imekufa kila mahali pwani.

Hata hivyo haikutoka duniani. Mitambo ya kompyuta, ambayo kwa sasa hutunza fedha za mabenki na ujumbe wa simu, haihesabu kwa makumi. Huhesabu kwa sifuri na moja tu, na mingi hutumia nafasi 64 kuandika namba moja. Namba kubwa kuliko zote iwezayo kuandikwa katika nafasi hizo, pasipo alama ya upungufu, ni 18,446,744,073,709,551,615, ile ile ya Sissa. Mtu atumaye fedha kwa simu kutoka Tanga kwenda Lushoto huandika kiasi chake kwa mamia na maelfu. Ndani ya mtambo kiasi hicho hugeuzwa kuwa mara mbili juu ya mara mbili kabla ya kurudi kwake katika sura ya makumi.

Neno thumni nalo lilibaki katika lugha muda mrefu baada ya pesa na hela kwenda zao, likawa jina la senti 50. Aliyelitamka alitaja sehemu ya nane huku mkononi ana nusu ya shilingi, kwa kuwa thumni ya asili ilikuwa ya reale, na shilingi haikuwapo ilipopewa jina. Watoto wa Tanga hufundishwa makumi, na ni haki wafundishwe, kwani dunia yaandika kwa makumi. Ingekuwa vema wafundishwe pia kuikunja 64 mara sita, kwa kete zilizo katika bao la babu zao, na waonyeshwe kuwa aliyeweza kufanya hivyo amekwisha shika ngazi ya Biruni. Hesabu hiyo haihitaji kuletwa na meli. Ipo barazani, katika mashimo 32, na kila jioni kuna mtu aiwekaye kete moja moja mahali pake.